Muulize Fundi: Difu ya nyuma inalia, nianzie wapi?

SWALI: Shikamoo Fundi. Gari langu ni la zamani, la juu, lenye difu mbele na nyuma. Nikifika kilomita 70 kwa saa linaanza kulia huko nyuma, sauti nyembamba ya kuvuma. Nikikanyaga mafuta inafifia, nikiachia inarudi kwa nguvu. Fundi wa kwanza kasema nibadilishe oili tu, wa pili anataka nilete difu nzima. Nimsikilize yupi? Na je, naweza kuendelea kulitumia?
Msomaji aliyechoshwa na kelele

JIBU: Marahaba, mwanangu. Kwa sasa usimsikilize hata mmoja, maana sijaona palipoandikwa kwamba yeyote kati yao aliingia chini ya gari.

Umenipa jambo muhimu kuliko unavyodhani: sauti inabadilika kwa mguu wako. Kelele za matairi hubadilika ukitoka kwenye lami laini kwenda ya kokoto. Beringi ya gurudumu huvuma zaidi ukikata upande mmoja na kupungua ukikata mwingine, na haijali sana kama umekanyaga mafuta au umeachia. Mlio unaokuja ukiachia mafuta hunifanya nishuku kwanza beringi za pinioni, ile gia ndogo inayoingiza nguvu kwenye difu (boksi la gia katikati ya ekseli), au nati yake iliyolegea. Ungelia ukikanyaga, ningetazama meno ya pinioni na ya krauni, ile gia kubwa ya duara inayozungushwa nayo. Ungesikika kwenye kona tu, ningefikiria gia ndogo za katikati.

Sasa lala chini. Gari lisimame pa sawa, magurudumu ya mbele yazuiwe, ekseli ikae juu ya stendi, si jeki peke yake. Fungua propela, ile shafti ndefu inayoleta nguvu nyuma, upande wa difu, ukiweka kwanza alama ya rangi ili irudi ilivyokuwa. Shika flenji ya pinioni, yaani kile kisahani propela ilipofungwa, itikise juu na chini, kisha ivute na kuisukuma. Ikicheza hata kidogo, beringi zimekwisha au nati imelegea. Kuzunguka kidogo kushoto na kulia kabla meno hayajagusana ni kawaida, usitishike. Ukiwa hapo hapo kagua krosi, yaani viungo vya propela.

Halafu oili. Fungua kwanza nati ya kujazia, ndipo ya kumwagia. Ukianza na ya chini kisha ya juu ikagoma, umebaki na difu kavu. Matope laini ya kijivu kwenye sumaku ya nati ya kumwagia ni uchakavu wa kawaida. Vipande unavyoweza kuvishika kwa vidole ni habari nyingine. Oili mpya haiponyi beringi iliyolika. Wapo waliokuwa wakitia unga wa mbao ndani ili gari linyamaze mpaka mnunuzi aondoke nalo. Hao sina la kuwaambia.

Meno yakiwa mazima, badilisha beringi, oili sili na kile kibushi cha kubonyea cha pinioni, ambacho hakitumiki mara ya pili. Hapa mtafute fundi mwenye geji, yaani kifaa cha kupimia. Nafasi kati ya meno ni ndogo sana, kwenye difu nyingi karibu milimita 0.15, na kipimo kamili kiko kwenye kitabu cha gari. Anayekisia kwa kidole atakurudishia mlio uleule.

Meno yakiwa yameliwa, krauni na pinioni hubadilishwa pamoja, kwa kuwa huoanishwa kiwandani. Difu nzima iliyotumika mara nyingi ni njia fupi zaidi, lakini hesabu meno kabla ya kulipa. Krauni ya meno 41 kwa pinioni ya meno 10 ni uwiano wa 4.1. Namba hiyo lazima ilingane na ya difu ya mbele, la sivyo ukiunganisha magurudumu yote manne kwenye lami kavu, mbele na nyuma zitavutana mpaka kitu kivunjike. Kwenye hili sina msamaha.

Wakati wa kuifunga, kwangua gasketi kuukuu yote na usafishe kitundu cha kupumulia juu ya ekseli. Kikiziba, joto huisukuma oili ipite kwenye sili hadi kwenye breki. Magari mengi ya aina hii hutumia oili ya daraja la GL-5, uzito wa 80W-90, ila difu yenye kizuizi cha kuteleza (limited slip) inataka oili yake maalumu. Jaza mpaka ianze kuchuruzika kwenye tundu la kujazia.

Kuhusu kulitumia: ikiwa ni mlio tu na oili imo, nenda taratibu hadi gereji. Ukisikia kugonga au kusaga, simama. Pinioni ikikwama kwenye mwendo, magurudumu ya nyuma yanaweza kufunga ghafla. Na usilivute kwa kamba ukidhani kutoa propela kunatosha, kwa sababu magurudumu bado yataizungusha difu. Lipakie juu ya lori.