Barua kwa mwanangu: Je, Mungu aliamuru mfalme?

Mwanangu mpendwa,

Marahaba. Umeniuliza: ikiwa Kumbukumbu la Torati 17 inaruhusu Israeli wajiwekee mfalme, kwa nini Samweli alichukizwa wazee walipomwomba? Na je, Mungu aliamuru ufalme au aliuvumilia tu?

Wafafanuzi wa Kiyahudi wa zama za kati walilibishania sana jambo hilo. Maimonides, aliyeishi Misri karne ya 12, alisema ni amri: Waisraeli wakiingia nchini waweke mfalme, wafute uzao wa Amaleki, wajenge Hekalu. Kosa la wazee, kwake, halikuwa kutaka mfalme. Walimtaka kwa manung'uniko, kwa kuwa wamemchoka Samweli. Ibn Ezra, aliyemtangulia, aliona ni ruhusa tu. Hata ile orodha ya Samweli, kwamba mfalme atawachukua wana wenu kwa magari yake ya vita na binti zenu wawe wapishi na waokaji, walimu wa Talmudi, mkusanyo wa mafundisho ya marabi wa kale, waligawanyika juu yake. Mmoja alisema hizo ni haki halali za mfalme. Mwingine alisema Samweli alikuwa anawatisha watu tu.

Lakini ninayetaka umsome kwa makini ni Isaac Abravanel, aliyezaliwa Lisbon mwaka 1437. Huyu hakuwajua wafalme kwa kusimuliwa. Alishughulikia fedha za Mfalme Afonso V wa Ureno. Afonso alipofariki, mwanawe João II akawageukia wakuu wa nchi. Mwaka 1483 Mtawala wa Braganza alikatwa kichwa, na Abravanel, aliyekuwa karibu na ukoo huo, akashtakiwa kuwa mmoja wa wala njama. Alikimbilia Castile, ufalme jirani huko Hispania, mali yake ikataifishwa. Huko, kabla hajaingia kuwatumikia wafalme Ferdinand na Isabella, aliandika ufafanuzi wa Yoshua, Waamuzi na Samweli. Kwa hiyo alipofika 1 Samweli 8, alikuwa mkimbizi wa mfalme.

Hakuuliza tu kama Torati inataka mfalme. Aliuliza kwanza kama watu wa taifa lolote wanamhitaji. Wanafalsafa walidai mfalme analeta umoja, uongozi usiokatika, na mamlaka kamili. Abravanel alijibu kwamba watu wengi wakishauriana wanaweza kukubaliana neno moja; kwamba uongozi waweza kuwa wa muda, hata wa mwaka mmoja; na kwamba mamlaka yawekewe mipaka ya sheria. Hapo kwenye muda ndipo alipo hodari zaidi. Kiongozi akijua zamu yake itakwisha, anajua pia kwamba wanaokuja watakagua aliyoyafanya, na akikutwa na hatia atalipa. Mfalme wa maisha anamwogopa nani? Tena mtu mmoja ni rahisi kupotoshwa na hasira au tamaa kuliko wengi kwa pamoja. Akataja Venice, Florence na Genoa kuwa mifano, na Roma, iliyotawala dunia chini ya makonsuli, viongozi waliochaguliwa kwa mwaka mmoja. (Usidhani ilikuwa demokrasia ya leo. Venice ilitawaliwa na koo za kitajiri, na mkuu wake alikaa madarakani hadi kufa.)

Sheria ya mfalme aliisoma sambamba na ile ya mwanamke mateka katika Kumbukumbu la Torati 21. Torati haimwamuru askari amtamani mateka. Ila akimtamani, inamwekea masharti. Vivyo hivyo hapa: mkishataka mfalme, basi awe aliyechaguliwa na Mungu, asiwe mgeni, asijiongezee farasi, wake, fedha na dhahabu, na ajiandikie nakala ya torati hii aisome siku zote. Kwangu mimi hilo ndilo jibu la swali lako. Linaeleza kwa nini Musa anaweka masharti na Samweli anahuzunika, bila kumfanya yeyote kati yao mwongo.

Ila kuna mahali naachana naye. Abravanel huyuhuyu alifundisha kwamba watu wakishajiwekea mfalme, hawana haki ya kumwasi hata akiwa dhalimu, kwa kuwa wamefunga naye agano na yeye amesimama mahali pa Mungu. Naelewa hofu yake. Wayahudi walikuwa wachache, na kinga yao mara nyingi ilikuwa mfalme huyohuyo. Hata hivyo, mwaka 1492 wafalme wa Hispania waliwafukuza wote, yeye akiwemo, licha ya huduma aliyowapa.

Agano lina pande mbili, mwanangu. Daudi alipatana na wazee huko Hebroni kabla hawajamtia mafuta. Na Rehoboamu, mjukuu wa Daudi, alipokataa kuwapunguzia watu kongwa, makabila kumi yakaondoka, kisha nabii Shemaya akamzuia asiwapige vita, akileta neno la Bwana: "jambo hili limetoka kwangu." Ni 1 Wafalme 12. Isome yote, kisha uniandikie unavyoiona wewe.

Mama yako