Jibu: Mashine ya kufulia inayosimama kabla ya kukamua

Waalaykum salaam, ndugu yetu wa Chake Chake. Umeeleza kwamba mashine yako ya mlango wa mbele hufua vizuri, kisha husimama kabla ya kukamua, nguo zikiwa bado zimo majini. Kwa dalili hiyo ningeanza na njia ya kutolea maji, si bodi ya umeme, ambayo mafundi wengi hupenda kuilaumu kwanza.

Chomoa waya ukutani, subiri maji yapoe ikiwa ulifulia ya moto, weka beseni la kina kifupi pamoja na matambara, kisha fungua taratibu chujio lililo chini upande wa mbele, kwa kuwa maji yote yatamwagikia hapo. Katika langu hukuta mchanga, nyuzi za kanga na, mara nyingine, sarafu. Ukishalisafisha, hakikisha mapanga madogo ya pampu yanazunguka na mpira wa kutolea maji haukukunjika nyuma ya mashine.

Ikiwa husimama wakati wa kuvuta maji ya kusuuzia, tazama nguvu ya maji: tangi lililowekwa chini halisukumi vya kutosha, na mashine ikingoja mno hujizima. Pampu ikinguruma bila kuzunguka, mwite fundi.