Re: Morris Minor ya vioo viwili na ya kioo kimoja, zinatofautianaje?

Mkuu, umeuliza kama hizo ni gari mbili tofauti. Hapana, ni Morris Minor ile ile, gari dogo la Uingereza; miaka ndiyo tofauti, na vioo unavyosema ni vya mbele.

Ilitoka 1948, kwenye maonyesho ya magari ya Earls Court, London, ikiundwa Cowley, Oxford. Mbunifu wake ni Alec Issigonis, huyo huyo aliyekuja kuibuni gari dogo la Mini. Bosi wake, Lord Nuffield, mwanzilishi wa Morris, hakuipenda hata kidogo. Alisema inafanana na yai. Gari likiwa karibu kukamilika, Issigonis aliliona jembamba mno, akaagiza likatwe katikati kwa urefu na kupanuliwa inchi 4. Ukikuta moja, angalia boneti: kuna mgongo bapa katikati, ndiyo ile nyongeza. Bampa zilikuwa zimeshatengenezwa, kwa hiyo za mwanzo zilikatwa na kuungwa kwa kipande cha bati.

Injini ya kwanza ilikuwa ya cc 918, ya kizamani kwelikweli. Kampuni za Austin na Morris zilipoungana 1952 ikaingia ya cc 803, ambayo kwa maoni yangu ilikuwa dhaifu kwa gari lile. Mwaka 1956 ikaja Minor 1000: cc 948 na kioo kimoja cha mbele. Hapo ndipo jibu lako lilipo: za kabla ya hapo ndizo za vioo viwili. Kuanzia 1962 ni cc 1098.

Gari za saluni zilikoma 1970, na ile Traveller (station wagon) yenye fremu ya mbao nyuma ikafuata 1971. Jumla zilipita milioni 1.6.