Jibu: Mbona uzito wa hewa hautupondi?

Mkuu, umeuliza: ikiwa hewa inatukandamiza kwa karibu kilo 1 kwenye kila sentimita ya mraba, mbona hatupondeki? Wengi hujibu kwamba mifupa yetu ni imara. Sivyo, mifupa haihusiki kabisa hapa.

Ndani ya mwili nako kunasukuma kwenda nje kwa nguvu ileile. Nyama na damu ni maji kwa sehemu kubwa, na maji hayabanwi kirahisi. Mapafuni na masikioni mna hewa hiihii ya nje, yenye kanieneo (msukumo kwenye kila sentimita ya mraba) ileile.

Jaribu na dumu la lita 5. Tia maji ya moto kidogo, tikisa, mwaga, funga kifuniko upesi. Likipoa utaona mbavu zake zinabonyea zenyewe, kwa sababu hewa ya ndani imepungua nguvu na ya nje haijapungua.

Sisi wa Kigoma ziwa linatufundisha vizuri zaidi. Kila mita 10 za maji huongeza kanieneo inayokaribia ile ya hewa yote iliyo juu yetu. Siku moja nilizamia nanga ya mtumbwi, kina cha mita 3 tu, masikio yakauma kama yanachomwa sindano. Tumbo na mapaja havikuhisi kitu! Nikabana pua, nikapuliza taratibu, sikio likalia "tap", maumivu yakakoma: hewa ya ndani imelingana na maji ya nje.

Ila ukiwa na mafua usizamie, ndugu yangu. Mrija wa kwenda sikioni huwa umeziba, na ngoma ya sikio inaweza kupasuka.