Kabla hujajumlisha safu: kwa wanaoanza kushika takwimu za manusura

Ndugu uliyekabidhiwa kwa mara ya kwanza majedwali ya nyumba salama wanamohifadhiwa manusura wa usafirishaji haramu wa watu, naomba ujiulize jambo moja kabla hujagusa hesabu yoyote: mstari mmoja katika jedwali hili unasimama badala ya nini? Ni mtu, ni tukio, au ni huduma? Mimi sikujiuliza. Katika taarifa yangu ya kwanza ya robo mwaka nilihesabu mistari nikaiita watu, na msimamizi wangu, mama mwenye subira nyingi, akachukua kalamu tukaanza kupitia majina pamoja. Msichana mmoja alikuwa ameandikwa mara tatu: siku alipoletwa na polisi, siku alipopelekwa hospitali, na siku alipopandishwa basi kurudi kwao Singida. Jina la baba yake lilikuwa na herufi h kwenye fomu moja na halikuwa nayo kwenye nyingine. Umri wake ulikuwa miaka 14 kwa polisi na 16 kwa hospitali. Tulipofika mwisho wa orodha, karibu theluthi moja ya "watu" wangu walikuwa ni huduma walizopewa watu wale wale. Tangu siku ile kila manusura hupewa namba moja ya siri anapoingia, nayo humfuata kila anakopelekwa.

Jambo la pili ni la kisheria, nalo huwakwaza hata wazoefu. Itifaki ya Palermo ya mwaka 2000, yaani mkataba wa Umoja wa Mataifa dhidi ya usafirishaji haramu wa watu, inautambua usafirishaji haramu kwa mambo matatu: kitendo, kama vile kumchukua au kumhifadhi mtu, njia, kama vile ulaghai au vitisho, na lengo, ambalo ni unyonyaji. Kwa aliye chini ya miaka 18, njia haihitaji kuthibitishwa. Kwa hiyo ukikuta fomu ya binti wa miaka 15, aliyetolewa kijijini kwa ahadi ya kusomeshwa kisha akafanyishwa kazi za ndani jijini bila malipo, na mtu ameandika "aliridhia" kisha akamwondoa katika hesabu, mrudishe. Ridhaa ya mtoto haibadilishi kitu hapa.

Sasa nifike kwenye jambo linalonihangaisha kuliko yote. Takwimu za waliopata huduma zinaonyesha ni nani aliyefika mlangoni petu. Hazionyeshi ukubwa wa uhalifu wenyewe. Nyumba inayopokea wasichana peke yake itaonyesha kwamba wavulana hawapo, ilhali wavulana wapo migodini, mashambani na kwenye uvuvi. Mwezi ambao wanawake kadhaa wamerejeshwa kwa pamoja kutoka Oman, mchoro wako utapanda ghafla, na mtu asiyejua ataandika kwamba tatizo limeongezeka mwezi huo, wakati wengine kati yao walianza kunyonywa miaka miwili kabla. Kinyume chake nacho hutokea. Taarifa ya dunia ya UNODC, ofisi ya Umoja wa Mataifa inayoshughulikia dawa za kulevya na uhalifu, iliyotolewa Januari 2023 ilionyesha kwamba idadi ya waathirika waliogunduliwa ilipungua kwa asilimia 11 mwaka 2020, mwaka wa UVIKO-19, ambao mipaka ilifungwa na maafisa wakashindwa kuwafikia watu majumbani. Kwa hiyo andika "waliotambuliwa" au "waliohudumiwa", na usikubali mhariri akufutie neno hilo kwa sababu sentensi imekuwa ndefu.

Kuhusu siri, sitarefusha. Kufuta majina hakutoshi. "Msichana, miaka 15, wilaya fulani, alitoroka kwa mwajiri mwezi Machi": katika wilaya ndogo maneno hayo yanamtaja mtu, na aliyemuuza naye anajua kusoma. Hifadhi ya kimataifa ya takwimu za usafirishaji haramu wa watu, CTDC, iliyozinduliwa mwaka 2017, iliweka kanuni kwamba kundi lenye watu pungufu ya 11 wanaofanana kwa sifa lisionyeshwe. Nasi tunaunganisha wilaya kuwa mkoa na umri kuwa marika kabla jedwali halijatoka ofisini.

Mwisho, tazama visanduku vitupu. Kisanduku kitupu si "hapana". Katika safu yetu ya ushauri nasaha kulikuwa na nafasi nyingi tupu, na kwa muda mrefu tulizisoma kana kwamba manusura hawakutaka huduma hiyo. Tukaigawa safu kwa majibu manne: alipewa, alikataa, haikuwepo, hakuulizwa. Kisha tukarudi kwenye mafaili ya karatasi, moja baada ya jingine. Waliokataa walikuwa wachache sana. Wengi wa wale wenye nafasi tupu walikuwa vijana kutoka Burundi waliozungumza Kirundi tu, na siku walipofika hatukuwa na mkalimani.