Maagizo ya TFAM hutoka kwenye kiini cha seli

Mdogo wangu, umeuliza kwa nini maagizo ya TFAM, protini inayosoma na kutunza DNA ya mitokondria, yatoke kwenye kiini wakati mitokondria (sehemu ya seli inayotengeneza nishati) ina DNA yake. Kwa binadamu DNA hiyo ni fupi mno: jozi 16,569 za besi, jeni 37, na kati ya hizo 13 tu ndizo za protini, TFAM haimo. Jeni ya TFAM iko kwenye kromosomu ya 10, ndani ya kiini. Protini hutengenezwa nje ya mitokondria, kisha huingizwa ndani yake.

Kazi yake ndiyo inayonivutia. Juzi hapa Dodoma nilichukua waya wa kufungia mizabibu, nikaukunja kwa vidole mbele ya wanafunzi mpaka ukawa kama herufi U. TFAM huikunja DNA vivyo hivyo. Ikiikunja pale unakili (jeni kusomwa na kuandikwa kama RNA) unapoanzia, kimeng'enya kinachotengeneza RNA hupata pa kushika. Protini za TFAM zikijipanga nyingi kwenye DNA nzima, huifungasha ikawa kitita kidogo. Zikizidi mno, usomaji hufifia. Zikikosekana kabisa, DNA yenyewe hupotea, na vijusi vya panya wasio na jeni hii hufa kabla ya kuzaliwa. Kwa hiyo ukiulizwa kazi ya TFAM, usiishie kwenye "huwasha jeni". Taja na utunzaji wa DNA.