Toyota MR2 SW20 (gari la michezo) inachemsha tangu ibadilishiwe kulanti (maji ya kupoza injini)

Usikimbilie kulaumu gasketi ya silinda hedi (kizibo kati ya bloku na kichwa cha injini), kwanza shuku hewa iliyonaswa kwenye mfumo wa kulanti. Injini ya SW20 iko nyuma ya viti na rejeta iko mbele, kwa hiyo mabomba marefu ya chini hunasa hewa. Injini ikishapoa kabisa, weka hita kwenye moto wa mwisho, chomeka mipira angavu kwenye vali mbili za kutolea hewa mbele (ya rejeta na ya hita), uining'inize juu, kisha jaza kulanti polepole kwa mdomo wa kujazia ulio nyuma, kwenye injini, hadi mapovu yaishe. Subira tu.

Ikichemsha kwenye foleni pekee, kagua feni ya rejeta na relei (swichi ya umeme) yake. Mapovu yakiendelea injini ikinguruma, hapo ndipo ushuku gasketi.